Herufi Kumi na Mbili

Wamenipa ngazi, pimamaji, na boksi la herufi za chuma
zilizofungwa moja moja kwa karatasi laini, kama mayai.
Kumi na mbili. Nimezihesabu mara mbili
maana mwaka jana kule kwenye bwawa la kuogelea ilikosekana R,
na mfadhili akapigwa picha akitabasamu
chini ya jina lenye pengo.

HALVARD OSTBY.
Skrubu mbili kila herufi.
Nje ni Januari, theluji imefika viunoni mwa madirisha,
upepo wa nyika unapiga mluzi kwenye tundu la kitasa;
humu ndani mashine bado zimevaa plastiki,
zinanuka mpira na pesa.

Sisi hatukuwa na haya.
Chumba chetu kilikuwa chini ya jukwaa la uwanja,
bomba likidondokea benchi la tatu
hata tukaliita benchi la ubatizo.
Uzani mwingine tuliutengeneza wenyewe, saruji ndani ya makopo ya rangi,
na kwa kuwa saruji haina adabu
upande wa kushoto ulizidi wa kulia.
"Vizuri," alisema Kocha. "Na dunia nayo haiko sawa. Nyanyua."

Alikuwa na daftari, na penseli fupi kuliko kidole gumba.
Nyongeza yake ilikuwa ileile: ratili mbili u nusu kila upande,
si zaidi, hata umlilie.
Mimi, mrusha tufe, mtoto wa mkulima wa viazisukari,
nilitaka milima. Alinipa vichuguu.
Miaka minne ya vichuguu.

Lakini ninachokikumbuka leo, hapa juu ya ngazi,
ni ubao.
Majina yetu yalikaa pale kwa chaki, na idadi zetu:
Delphine Roubideaux, mia tatu na kumi.
Wendell Kjos, ambaye sasa ana goti la bandia.
Mimi.
Na kila Agosti, siku ya kwanza, kabla hata ya salamu,
Kocha alichovya kitambaa kwenye ndoo
akafuta. Wote. Waliohitimu na waliobaki,
hata Delphine, ambaye hakuna msichana aliyemkaribia.
Delphine alilia kwa hasira, akavurumisha chupa ukutani.
Kocha akakamua kitambaa;
maji yakatoka meupe kama tui la pili.
"Jina ni kitu cha kuegemea," alisema.
"Na aliyeegemea hanyanyui."

Basi niambie, Kocha,
nizifanyeje hizi skrubu ishirini na nne?

Mjane wake, Marit, amekuja saa nne, kabla ya wakubwa,
buti zimejaa theluji, mkebe wa biskuti kwapani.
Ametazama juu kwa muda mrefu.
"Hiyo Y imeinama."
Nimeweka pimamaji. Kiputo kimetulia katikati.
"Haijainama, mama."
"Imeinama," amesema. "Iache."
Akaniachia mkebe wote.

Kesho watakata utepe.
Mwenye duka la matrekta atatamka "urithi"
kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake.
Mimi sitakuwepo, nina boila ya kutazama bweni la kaskazini.
Nimeshuka, nimefagia vumbi la ukuta,
nikafanya jambo moja lisilo kwenye karatasi ya kazi:
nyuma ya raki ya mwisho, pasipoonekana kutoka mlangoni,
nimepigilia kipande cha ule ubao,
kitupu,
na msumari wa kutundika kitambaa.

Kabla sijafunga ameingia msichana wa mwaka wa kwanza,
kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Ukutani hakutazama hata kidogo.
Amepakia chuma, amekaa chini yake, ameinuka nacho.
Amepumua.
Halafu ameongeza kidogo upande huu,
akazunguka,
akaongeza kidogo upande ule.