Mizani

Mitungi inafika alfajiri kutoka Arusha,
imefungwa wima nyuma ya Kanta, kama washitakiwa.
Naipokea hapa stoo, Kiborloni, mmoja mmoja,
naigonga kwa kifundo cha kidole.
Uliojaa unajibu kwa sauti nzito,
sauti ya mtu aliyekwisha kula.

Mtungi, kwa bibi yangu kule Mamsera,
ulikuwa wa udongo, ukikaa juu ya ngata.
Ukivuja, unakulowesha shingo, unakuambia.
Huu wa chuma ukivuja haumwambii mtu.
Wameutia harufu ya kitunguu kilichooza ili tuujue,
lakini kule juu pua imekufa ganzi:
kitunguu na waridi ni mamoja.

Kwa hiyo, sabuni.
Ya mche, nimeikuna kwenye maji.
Napaka koki, napaka ringi,
nimeinama kama ninayemtia mtoto dawa ya macho.
Povu likitulia, natia sahihi.
Povu likicheua, mtungi haupandi,
hata mgeni awe mfalme.

Gesi yetu ya mjini, ya kuchemshia maharage,
ikifika kwenye theluji huzubaa.
Butani inajilaza chini ya mtungi, haitaki kuamka,
na mpishi anatikisa chuma akidhani kimeisha.
Propeni haina habari na baridi; ndiyo tunayoagiza.
Wapo waliojaribu kuiamsha ile nyingine
kwa kuuweka mtungi motoni.
Msiniulize.

Vijana wa kubeba hawasomi karatasi.
Wanafungia karanga.
Nikaona nitie vina:

*Mtungi usiulaze, uusimamishe wima,*
*Sabuni uipakaze, koki ipate kusema,*
*Jiko usiliingize, hema si jiko la mama,*
*Baridi na ikulize, kulia ndio uzima.*

Walicheka. Sasa nawasikia wakiusema
huku wakikaza kamba za mizigo.

Mstari wa tatu ni wa Aikaeli, mdogo wangu.
Walimkuta asubuhi, mkono chini ya shavu,
theluji imeziba mlango wa hema,
sufuria kavu, jiko limejizimia lenyewe.
Hakuna kilicholipuka.
Watu wanauogopa mshindo.
Mimi naogopa hewa iliyotulia.

Sijawahi kupanda. Magoti haya, na mwili huu!
Mlima nausoma kwenye mizani.
Mtungi ulioondoka na kilo kumi na tatu na nusu
ukirudi na tisa, najua: chai, supu, siku sita.
Ukirudi na nane, kijito kiliganda
na mtu alikaa usiku kucha akiyeyusha theluji,
sufuria nzima ya weupe kwa kikombe kimoja cha maji.

Jana amerudi Ndekirwa.
Mtungi wake, kumi na tatu na robo.
Nikamtazama.
Akatoa kifuani, chini ya sweta mbili,
kile kichupa cha maji ya sabuni nilichompa;
ukikiweka kwenye mzigo kinaganda,
basi alikilea mwilini siku zote hizo.
“Usiku wa nne,” akasema, “nilipaka. Ringi ikacheua.
Nikafunga koki, nikaupeleka mbali na mahema,
upande upepo unakokwenda.
Mtungi wa akiba walikuwa nao kambi ya chini.
Tulikula mkate mkavu, tukalala na kiu.
Wageni wamenuna, Mama Manka. Bakshishi hakuna.”
Akainamisha kichwa, akingoja nimkaripie kwa gesi iliyorudi.

Sikusema kitu.
Nikaushusha mtungi, nikaufunga kitambaa chekundu.
Kisha nikampigia bati la mizani kwa kiganja:
“Panda na wewe.”
Akapanda na matope yake, akacheka kidogo, midomo imepasuka.
Mshale ukayumba, ukatulia.
Nikaandika kwenye daftari, safu ya vilivyorudi:
Ndekirwa, hamsini na nane.
Mzima.