Kiko cha Rehani

Mwenyewe alikileta kiwe rehani ya ufundi wa cherehani yake,
akasema, "Ijumaa." Hakusema ya mwaka gani.
Miaka miwili kililala kwenye mkebe wa bobini,
kisha alasiri moja, mikono ikiwa haina kazi,
nikakishindilia tumbaku, nikakaa barazani, Langoni,
nikawasha.

Mtaa wetu upana wake ni punda mmoja na nusu.
Moshi hauna pa kukupishia.

Wa kwanza kupita alikuwa Shee Famau.
Salamu zake, tangu nimjue, ni saba:
za kuamka, za nyumbani, za mguu wa mama,
hata za paka wangu aliyepotea mwaka juzi.
Siku ile alinipa moja, na hiyo nayo akaikata:
"Asalam" kwangu,
"alekum" kwa ukuta wa jirani.

Bwanaadi wa duka la simu,
sigara ya nne ikining'inia mdomoni,
aliniinamia kunipa nasaha juu ya mapafu.

Nesi Mwanajaa hakusema neno.
Alinipa karatasi yenye picha ya pafu,
jeusi kama kubazi lililoangukia jikoni.

Mgeni mmoja aliomba picha.
Alitaka kiko, cherehani na kofia, vyote pamoja,
na kama naweza, nisitabasamu.

Watoto wa chuoni walikata vikonyo vya papai,
wakapita mmoja mmoja na nyuso za watu wazima,
wakipuliza hewa. Walipofika konani wakaachia:

*Fundi amekuwa jiko, moshi watoka puani,*
*tumuwekeeni mwiko, na sufuria kitwani!*

Nilihesabu mizani kwa vidole. Ilikuwa sawa.
Nilicheka mpaka kiko kikazimika.

Akaja askari wa kaunti na kitabu cha faini.
Akakifungua, akakifunga.
"Hapa," alisema, "wameandika sigara."
Akavuta pumzi, ndefu kuliko kazi inavyotaka.
"Babu yangu kule Kizingitini..."
Kisha akaikumbuka kofia yake.
"Usirudie."

Na juu, dirisha la Mwana Somoye.
Kila nikichoma njiti, *ka!* mbao zikakutana,
moshi wenyewe haujafika hata linta ya mlango.
Uso wake sikuwahi kuuona.
Nililijua komeo lake.

Jumanne tumbaku ikaisha,
na boti ya Mokowe haikuleta.
Nikakiuma hivyo hivyo, kitupu, cha baridi,
kama mtoto aumavyo kidole akisubiri kuitwa.

Shee Famau akapita, leso puani.
Bwanaadi akakohoa kikohozi kirefu, chenye ufundi.
Mama mmoja akapunga buibui mbele ya mwanawe,
akikifukuza kitu ambacho hakikuwapo.
Nilitaka kukipindua kiko, niwaonyeshe tumbo lake.
Nikaona haya;
kwa ajili yao, si yangu.
Punda wa Lali peke yake alileta pua mpaka shimoni,
akanusa, akaona hamna kitu,
akaenda zake na mawe yake ya matumbawe.

Adhana ya alasiri ikapita. Sikuisikia *ka!*
Nikainua macho. Mbao wazi,
na sauti, kavu kama ya mtu anayedai deni:

"Fundi, umekufa?"

"Tumbaku imekwisha."

Kimya. Kimya cha mtu anayepiga hesabu.

"Sasa mimi leo nifunge nini?"

Sikuwa na la kumjibu.
Nikajifanya kutafuta sindano.
Kikapu kikateremka kwa kamba, pole pole,
kikanigota begani.
Ndani mna mkasi butu,
na noti kubwa kuliko mkasi.