Ratiba ya Desemba

Tanuru haijui Krismasi.
Ukiizima, kioo huganda tumboni mwake
na wiki tatu hazitoshi kuipasha tena.
Kwa hiyo kila mwaka, hapa Krosno,
watu wanne wa zamu ya usiku hubaki nayo,
na mimi ndiye ninayewataja.
Chini ya karatasi kuna saini yangu:
Ireneusz Pyrek, msimamizi.

Nimejaribu kila mzani.
Kwanza kura, vikaratasi ndani ya kofia ya kazi;
zikamwangukia Halszka miaka mitatu mfululizo,
akasema kumbe hata bahati ina wajomba.
Kisha ukongwe: waliotangulia wachague,
vijana wakala makombo.
Kisha wenye watoto mbele.
Hapo nilipigiwa makofi,
na hakuna aliyemtazama Bogumił.

Bogumił hana mke, hana mtoto,
ana baiskeli, na paka asiye na jina.
"Wewe utatuelewa," tulimwambia.
Akaelewa.

Novemba hii nilikuwa natafuta risiti ya glavu
nikafungua madaftari ya zamani.
Mkesha wa Krismasi: Wrona B.
Mwaka uliotangulia: Wrona B.
Wino wa bluu, wino mweusi, mwandiko wangu,
mwandiko wa marehemu aliyenikabidhi kiti:
Wrona, Wrona, mara kumi na moja,
kama nukta ambayo mtu huitia
bila kuisoma sentensi.

Nilikaa na madaftari magotini hadi chai ikapoa.
Haki tuliyogawana ilikuwa tamu
kwa kuwa bili yake
ilipelekwa nyumba moja tu.

Nikalifuta jina lake, nikaandika langu.
Jagoda, mke wangu, hakunung'unika.
Alipanga sahani mezani, pamoja na ile ya ziada
ambayo kwetu huachiwa mgeni asiyetarajiwa,
akazihesabu kwa kidole.
"Mwaka huu zitabaki mbili," akasema,
akanifungia samaki kwenye gazeti.

Na Bogumił? Hakushukuru.
Aliuliza nani atakayeshika bomba la tatu,
maana lina kikohozi, lataka kubembelezwa.
Alisimama mlangoni, kofia mkononi,
theluji ikimwingilia viatuni,
mfano wa mtu aliyefukuzwa kazi.

Saa sita ya usiku simu ya ofisini ililia.
Nilidhani ni ajali.
"Irek," alisema, "nimefungua dirisha.
Kengele. Mji mzima."
Ngurumo ya tanuru ilimeza maneno mengine,
nikaziba sikio la pili kwa kiganja.
"Zilikuwa zikilia hivi
miaka yote hii?"

Nikasema ndiyo, miaka yote.
Alinyamaza, lakini hakukata simu,
na kwa mbali, kupitia dirisha lake,
nilizisikia nami.

Kisha nikarudi kwenye bomba la tatu.
Lilikuwa likikohoa kweli.