Mawenzi Kwenye Kioo

Mwaka ule tulivizia vitu visivyobisha hodi:
chembe zishukazo kutoka juu ya mawingu,
zipite bati, zipite dari, zipite utosi wa mtu
na mtu aendelee kunywa chai.
Chumba chetu pale chuoni Moshi
kilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika miguu.
Oskiloskopu ililetwa na msaada,
kitufe kimoja kimezama,
namba zimefutwa na vidole vya watu wasiotujua.

Mimi ni fundi. Kazi yangu kulehemu, kufunga, kufagia.
Kuelewa ilikuwa kazi ya Mwalimu Elirehema.

Chembe ikipita, mstari wa kijani uliinuka:
kwanza kilima kipana, kichwa cha duara, Kibo;
kisha ubavuni kingine, kifupi, kilichochongoka.
“Mawenzi!” Mwalimu akapiga meza.
“Zinakuja mbili mbili. Mapacha!”

Tulihesabu mara elfu moja mia nne.
Mara zote Mawenzi alikuwepo,
nanosekunde mia mbili nyuma ya kaka yake,
hawahi, hachelewi,
kama mdai.
Ripoti ikapigwa chapa, ikapanda basi kwenda Dar es Salaam
katika bahasha, na jina langu mstari wa tatu.

Ni Aikaruwa, wa mwaka wa pili,
binti wa fundi saa wa Kiboriloni,
aliyeuliza huku akimenya ndizi:
“Mapacha gani hawa wasiopishana hata siku moja?
Wadogo zangu hugombana nani atangulie mlangoni.”

Sikulala.
Usiku nikarudi na koleo.
Nikapima kebo itokayo darini: mita ishirini.
Nikaikata katikati. Nikaunga. Nikawasha. Nikangoja.
Kibo akatokea.
Mawenzi akatokea pia,
lakini amesogea, nanosekunde mia moja tu,
amemng'ang'ania mwenzake kiunoni.

Nikakaa sakafuni.
Hapakuwa na pacha.
Wimbi lilishuka hadi kwenye mashine,
halikukuta wa kulipokea,
likapanda tena darini, likashuka upya.
Bibi alisema Mawenzi huja kwa Kibo kuomba moto.
Huyu alikuwa moto ule ule wa Kibo,
umerudi nyumbani kujiomba.
Wahenga nao: njia ya mwongo ni fupi.
Ya huyu ilikuwa mita ishirini.

Rezista ya omu hamsini,
ndogo kuliko punje ya mchele, bei yake andazi.
Nikailehemu mwishoni mwa kebo.
Kibo akabaki peke yake, mpana, mpole.

Asubuhi Mwalimu alikitazama kioo
mpaka chai ikaota utando.
“Kwa hiyo tulipima waya.”
“Tulipima waya, Mwalimu.
Tuliupima vizuri sana.”
Akacheka, kicheko kikamkwama njiani.
Barua ya kuifuta ripoti aliiandika kwa mkono.
Nilimwomba jina langu liwemo,
mstari wa tatu, pale pale.

Usiku arobaini na tatu: kilima kimoja, kilima kimoja.
Wa arobaini na nne, mvua ya masika ikitwanga bati,
mara moja tu,
viwili.
Si mia mbili. Si mia moja. Sitini na saba.

Nilikagua kebo, rezista, soketi.
Nilimuuliza mlinzi, Bwana Ndewirwa, kama aliwasha pampu.
Akaapa kwamba hakulala,
jambo ambalo sikumuuliza.

Kwenye daftari nimeandika saa, tarehe, sitini na saba.
Safu ya maelezo kalamu iliigusa
ikaacha nukta.

Aikaruwa amesoma.
“Rudia,” anasema.
Nirudie nini, mwanangu? Mgeni alikuja mara moja,
hakuacha anwani.

Nimefuta vumbi kiooni.
Nimewasha.
Mvua imepungua.
Kilima kimoja.
Kilima kimoja.