Dirisha la Vardges

Dada yangu Shogher ananihitaji saa tisa alasiri,
saa ambayo mwoka mikate wa Gyumri hulala,
kwa kuwa saa tisa, anasema, mwanga wa Januari
huingia jikoni kiubavuubavu, kama mdeni apitaye dukani.

Basi nakaa. Kigoda, shati la kazi, unga kwenye nyusi.
"Usijifute," ananikemea. "Geuza pua kidogo.
Siyo kichwa, Hovik. Pua."
Mtu anageuzaje pua akakiacha kichwa?

Mezani kuna vitabu viwili vya maktaba,
vimechelewa kurudishwa wiki sita.
Jumatatu alikuwa Setrak wa Aleppo,
aliyewapiga picha maharusi kwa taa moja tu,
juu, kushoto, mpaka shavu la kivulini
lipate pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho.
Nilipewa pembetatu hiyo. Ilichukua saa nzima
na karatasi ya fedha niliyoiba kazini.
Jumatano alikuwa Eteri wa Tbilisi,
ambaye maishani mwake hakumwambia mtu "tabasamu".
Alimenya tufaha mbele yao, taratibu,
hadi wakasahau kuwa wana nyuso.
Shogher akamenya tufaha. Mimi nikalila.
Picha ile ina mdomo wazi na kipande cha ganda.

"Unaiga tu," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka, nilitaka iume.
Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kamera:
"Na wewe donge lako la kwanza ulilikanda kwa mikono ya nani?"

Nikanyamaza. Ya baba.

Leo hakuna kitabu. Leo ameishusha ukutani
picha ya bibi Heghine, miaka kumi na tisa, kola ya lesi,
iliyopigwa na Vardges wa barabara ya stesheni.
Ameitoa kwenye fremu, jambo ambalo mama hajawahi kuruhusu,
akanipa kioo cha kukuzia. "Tazama jicho la kulia.
Siyo jicho. Ile nukta nyeupe ndani yake."

Nikatazama. Nukta ikawa mraba.
Mraba ukawa dirisha: vioo sita, kimoja kimezibwa kwa gazeti,
na kando yake, mdogo kuliko chembe ya chumvi,
mtu aliyeinama chini ya kitambaa cheusi, mkono mmoja juu,
kama asemaye subiri, subiri, usipepese.

"Sasa najua alimketisha wapi," alisema Shogher.
"Hatua mbili kutoka dirishani, mgongo kwa mlango.
Hakuwa na taa. Dirisha tu."
Alikuwa anapima kwa rula, anaandika kwenye daftari.
Mimi nilishindwa kukirudisha kile kioo.

Barabara ya stesheni haina nyumba ile.
Ilianguka Desemba ya themanini na nane, kabla ya saa sita mchana,
na ghorofa zake tatu, na ngazi, na Vardges,
na leo watu wanaegesha magari pale.
Nimepita hapo kila alfajiri na gari la mikate
bila kujua kwamba dirisha lake limesimama bado
nyumbani kwetu, juu ya jokofu,
ndani ya jicho la msichana aliyeazima kola.

Macho hayana pazia, husemwa, kwa kuyakanya.
Mimi siku hiyo nilishukuru.

"Kaa," akasema. Nikakaa, hatua mbili kutoka dirishani,
mgongo kwa mlango. Hakumenya tufaha.
Hakuniambia neno juu ya pua.
Akainua mkono, subiri, subiri,
na kando yake dirisha letu la jikoni,
lenye ufa tulioubandika utepe msimu uliopita,
na theluji ikianza.
Nikayafumbua macho kadiri nilivyoweza
ili wote wawili wapate nafasi.