Daftari la Sukari

Miaka kumi na tisa nilimwandikia hesabu
Shaame Faki wa Limbani, Wete:
magunia ya karafuu, mabati, meli moja na nusu
(nusu ya pili ya shemejiye; walikuwa hawasemezani).
Makubadhi yake jozi moja, kayashona mara nne.

Alipofanywa mkuu wa wilaya
mshahara hakuugusa. Kila mwisho wa mwezi
niliupeleka wodi ya wazazi
ndani ya mfuko wa sukari.
"Andika: sukari."
Nikaandika.

Leo wanagawana mirathi.
Kadhi kavua miwani, kidole kiko kwenye daftari:
mzee huyu, sukari yote hii
aliila na nani?

Nje, barazani, mwanamke nisiyemjua
ananyonyesha pacha mmoja,
wa pili analia.