Majana

Nimeugonga kwa kifundo cha kidole, kama mlango wa jirani,
nikategea sikio ubavuni.
Mizinga sita imenijibu, kila mmoja kwa sauti yake.
Wa saba, kimya.
Kangagani, kipupwe kimeshakausha njia,
makumbi yanafuka mkononi mwangu bila kazi.

Nimekwishasema ni Shaame.
Jana bombani, mbele ya ndoo na wenye ndoo:
matikiti yake, na lile pampu la dawa mgongoni,
tangu Shaabani anapuliza, upepo unakuja kwangu.

Lakini dawa huangusha mlangoni.
Nimepiga magoti, nimepekua majani kwa kijiti:
nyuki wanne, mmoja wao ganda tupu.
Waliokufa kwa sumu hawajifichi hivi.

Siafu, basi? Grisi ya kwenye waya bado inanata,
na siafu akila nyumba huacha vichwa.
Nondo? Yumo, simkatai,
katanda utando pembe ya kushoto.
Ila nondo ni mrithi.
Huja matanga yakishaanuliwa, kugawa vilivyobaki.

Nikauinua mzinga kwa mkono mmoja,
mimi niliyemwita Kaije mwezi wa tatu
tuubebe wawili.

Ndani, kati ya masega mawili meupe, makavu,
fungu la nyuki lisilozidi chungwa.
Kila mmoja kichwa kijumbani, mkia nje,
kama watoto walioramba sufuria,
wakaramba tena palipokwisha rambwa,
wasiinuke.
Malkia alikuwa katikati yao.
Yeye peke yake kichwa chake kilikuwa nje;
tone la mwisho walimpa yeye, nadhani.

Na majana.
Lugha yetu ina ukatili wake: mtoto wa nyuki tumemwita jana,
hajaiona leo, na jina limeshampitisha.

Nikachukua daftari.
Kuna siku mtu hutamani asijue kusoma mwandiko wake.
Mwezi wa tatu, tarehe tisa. Mzinga wa saba. Masega yote kumi na moja.
Kwenye mingine: nimeacha manne. Nimeacha manne.
Nimeacha matano, wakali.
Wa saba haukuwa na wakali. Ulikuwa mpole, karibu na njia,
na siku ile nilikuwa na haraka:
godoro, tranka, ndoo yenye kifuniko, viatu vyeusi.
Bikombo anaingia dakhalia Wete,
na orodha ya skuli haijui kubembelezwa.

Kisha masika. Siku thelathini na nne za mvua,
nilizihesabu kwa sababu ya paa.
Maua ya mikoko yakapukutikia majini.
Sikuwaza nyuki. Niliwaza paa.

Fuata nyuki ule asali, tulifundishwa.
Cha kumwachia nyuki hakikutajwa.

Nimeandika: Mwezi wa saba. Mzinga wa saba. Njaa.
Ya nani, sikuandika.

Sasa kuna Shaame.
Maneno ya bombani hayarudi ndooni.
Nitakwenda kabla ya magharibi, na sitakwenda mikono mitupu:
iko chupa moja kabatini, niliyoificha kwa dawa ya kifua.
Atashukuru, namjua. Atachovya kidole, atafumba macho,
kisha atauliza, kama wanavyouliza wote,
ni ya mzinga upi.